Vinundu vya ngozi vinavyofuata ukoo: mwongozo kamili wa kuvifuatilia ukiwa Nairobi

Nyumbani tuliviita vipele vya nyanya. Nyanya alikuwa navyo mgongoni na mikononi, laini kama punje za mahindi mabichi chini ya ngozi. Mama akawa navyo. Kaka yangu akaanza kuviota akiwa kidato cha pili. Hakuna aliyeshtuka, maana kitu ambacho kila mtu kwenu anacho hukioni kama ugonjwa. Unakiona kama pua ya ukoo.

Kisha uvimbe mmoja wa kaka, ndani ya paja la kushoto, ukaanza kumuuma usiku. Akaenda kliniki moja ya mtaani, akachomwa sindano ya ganzi, ukakatwa, akashonwa nyuzi sita na kuambiwa ni mafuta yaliyoganda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nyama yenyewe ilikuwa kwenye kibakuli cha chuma, rangi ya kijivu iliyopauka, na jinsi ilivyogonga chuma ilipowekwa nilijua ni ngumu, haikuwa mafuta. Muuguzi akaibeba na pamba zilizolowa damu akaitupa kwenye ndoo. Hatukusema kitu. Miezi saba baadaye uvimbe ukarudi palepale, mkubwa mara mbili, na safari hii ulipopimwa maabara jibu likawa saratani ya ala ya mshipa wa fahamu. Kaka yuko hai. Anatembea na mkongojo, na miezi ile saba hatairudishiwa na mtu.

Mimi si daktari. Haya nimeyajua kwa kukaa kwenye mabenchi ya kliniki miaka mingi nikiwa na daftari, nikiuliza hadi nieleweke. Nayaandika kwa ajili ya familia yenye vinundu vya kurithi, ili ijue lipi la kuogopa na lipi la kuacha. Vinundu vingi vya aina hii havigeuki saratani kamwe. Lakini vinatoa habari: kuna jeni iliyoharibika katika ukoo huu, na mara nyingi hatari yenyewe imejificha kwingine, kwenye figo, titi, utumbo au mshipa wa fahamu ulio ndani. Ukihangaika na kinundu unachokiona ukasahau mwili uliokibeba, umechunga kwato ukaacha ng'ombe.

Hatua ya 1: Tenga vya kawaida

Ngozi nyeusi ina mambo mengi yanayoota na kurithiwa bila madhara. Vile vidoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni na chini ya macho, ambavyo shangazi zetu huanza kuvipata wakikaribia miaka 30, hufuata ukoo kabisa na havina saratani. Keloidi nayo hufuata ukoo. Huota juu ya kovu la kutoga sikio, la chanjo au la ndevu, huwasha, na hutambaa kupita mpaka wa kidonda chenyewe, lakini si saratani. Lipoma, uvimbe wa mafuta, ni laini na huteleza chini ya kidole. Sunzua huletwa na virusi.

Mabaka ya zambarau au meusi yaliyokaza, miguuni au kinywani, ni jambo jingine. Hayarithiwi, ila yanaweza kuwa sakoma ya Kaposi, ambayo mara nyingi huandamana na VVU. Hayo yapelekwe kliniki wiki hiyo hiyo.

Kinachofaa kukuamsha ni vinundu au mabaka mengi ya aina moja, yaliyoanza utotoni au ujanani, hasa kama mzazi, kaka au dada anayo. Hapo endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Chora ukoo

Chukua daftari. Duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, na mwenye vinundu umjaze wino. Vizazi vitatu vinatosha kuanzia: wewe na ndugu zako, wazazi na ndugu zao, nyanya na babu. Kando ya kila mtu andika ugonjwa aliowahi kuugua na umri alipoanza kuugua. Umri ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Saratani ya utumbo mtu akiwa na miaka 74 ni jambo moja. Akiwa na miaka 38 ni jambo lingine kabisa.

Ukiwauliza wazee kama kuna saratani kwenu, watakuambia hakuna. Si uongo, ni kwamba zamani wengi walizikwa bila ugonjwa wao kupewa jina. Uliza mambo yanayoonekana. Nani alitolewa nyumba ya uzazi akiwa bado kijana? Nani alikojoa damu? Nani alikatwa titi? Nani pafu lake lilisinyaa ghafla akawekewa mpira kifuani? Nani alipasuliwa taya? Mtoto gani alikuwa na kifafa? Mimi nilipata majibu mengi jikoni wakati wa Krismasi, tukimenya viazi, kuliko niliyoyapata kwa kumkalisha mjomba sebuleni na kalamu mkononi. Utasikia pia kwamba fulani alirogwa mguu ukavimba. Andika hilo nalo. Hiyo bado ni taarifa ya mguu.

Sasa ueleze ukoo jinsi mambo haya yanavyorithiwa, kwa sababu hapa ndipo lawama nyingi huzaliwa. Karibu magonjwa yote nitakayoyataja yanahitaji nakala moja tu mbovu ya jeni, kutoka kwa mzazi mmoja. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 2 ya kuichukua, kama sarafu inayorushwa upya kila mara. Watoto wawili wa kwanza wakiipata haimaanishi wa tatu ataponea, na baba anaweza kuipitisha sawa na mama. Tena, katika nyurofibromatosi aina ya 1, ambayo madaktari huifupisha NF1 na ndiyo ya kwetu, karibu nusu ya wagonjwa ni wa kwanza katika ukoo wao: jeni ilibadilika yenyewe wakati mtoto anatungwa. Mama aliyezaa mtoto wa namna hiyo hakukosea chakula, hakukosea ndoa, wala hakuna jicho la mtu lililomwangukia.

Kuhusu kugeuka saratani, nilieleweshwa hivi, na nimewaeleza wengi hivyo hivyo. Kila seli ina breki mbili za kuzuia isikue ovyo, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi ugonjwa amezaliwa na breki moja tu inayofanya kazi, kama lori linaloteremka Mai Mahiu na breki moja. Safari nyingi litafika chini salama. Lakini breki ile ya pili ikiharibika katika seli moja, uvimbe unaanza hapo, na makosa mengine yakirundikana juu yake ndipo saratani huja. Ndiyo maana ndugu wawili wenye jeni ile ile huugua tofauti.

Hatua ya 3: Hesabu, pima, piga picha

Fanya hivi mchana, karibu na dirisha, mtu akiwa amevua nguo za juu na anayemwamini akiwepo. Taa ya njano ya usiku hudanganya macho.

Kwa NF1 anza na mabaka tambarare ya kahawia. Kwa mtu mweupe hufanana na chai ya maziwa. Kwetu huwa ya kahawia iliyokolea kuliko ngozi yenyewe, na kwa mtoto mweusi sana unaweza kuyapita bila kuyaona usipomgeuza kwenye mwanga. Mpwa wangu alipofika miaka mitatu nilimlaza tumboni juu ya kitanda, nikachukua rula ya shule ya dada yake, nikapima kila baka. Lililokuwa kubwa lilikuwa kiunoni, milimita 22, lenye kingo laini kama ziwa kwenye ramani. Yalikuwa tisa. Kanuni ya madaktari ni mabaka 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kabla ya kubalehe, au milimita 15 baada ya kubalehe. Kisha inua mkono utazame kwapani, na utazame kwenye kinena: vidoa vidogo vilivyokusanyika mahali jua lisipofika ni dalili ya pili. Dalili mbili katika orodha ya madaktari hutosha kuutambua ugonjwa, na mzazi mwenye NF1 naye huhesabiwa kama moja. Tulikuwa na jibu kabla ya kupanda matatu.

Vinundu vyenyewe kwa kawaida hufuata baadaye, karibu na kubalehe, na huongezeka wakati wa ujauzito. Kibonyeze kimoja kwa ncha ya kidole: huzama ndani kana kwamba kuna tundu la kifungo chini yake, kisha hurudi. Tofautisha hivi na uvimbe mwingine wa NF1 uitwao pleksifomu, ambao huwepo tangu kuzaliwa hata kama haujaonekana bado. Ukiushika unahisi furushi la kamba zilizofundikana, na ngozi juu yake inaweza kuwa nene, nyeusi zaidi au yenye nywele. Andika mahali ulipo. Ni huo, si vile vidogo vya juu, wenye uwezo wa kugeuka.

Piga picha na rula ikiwa kando ya kinundu, andika tarehe, rudia kila baada ya miezi sita. Usiwaachie watu kwenye makundi ya WhatsApp picha za mwili wa mtoto. Ziweke kwenye simu moja yenye nywila.

Kichwani ni msusi anayeona kwanza. Kama msusi wako amewahi kusimamisha kitana akauliza hiki ni nini, msikilize, mwambie akuonyeshe kwenye kioo.

Hatua ya 4: Soma ngozi, kisha uulize habari za ndani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi hupotea.

NF1 huwapata takriban mtu 1 kati ya 3,000, kwa hiyo jiji kama Nairobi lina wengi kuliko tunavyowaona. Daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen aliieleza mwaka 1882, na jeni yake kwenye kromosomu ya 17 ikapatikana mwaka 1990. Vinundu vya juu ya ngozi havigeuki saratani. Pleksifomu na nyurofibroma (vinundu vya mishipa ya fahamu) za ndani zinaweza: hesabu inayotajwa sana ni kwamba kati ya watu 100 wenye NF1, 8 hadi 13 watapata saratani ile ya ala ya mshipa wa fahamu katika maisha yao, wengi wakiwa bado vijana. Mtoto anaweza kuwa na uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Presha ikipanda bila sababu, huenda ni mshipa wa figo uliobana au uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo. Na mwanamke mwenye NF1 aliye chini ya miaka 50 ana hatari ya saratani ya titi karibu mara 5 ya wenzake. Jambo hili la titi mama hakuwahi kuambiwa na mtu hadi nilipouliza mimi.

Vinundu vingi kichwani, vyekundu kidogo au vya rangi ya ngozi, mviringo, visivyo na nywele juu yake, vilivyoanza ujanani na kuzidi mwaka hadi mwaka, pamoja na vidogo vilivyosongamana kando ya pua, huashiria ugonjwa wa jeni ya CYLD. Vingine huuma. Huweza kujaza kichwa kizima kama kilemba. Kugeuka saratani ni nadra, lakini hutokea, na kinachogeuka hukua haraka, hupasuka na kutoa damu. Tezi za mate zilizo mbele ya sikio nazo zichunguzwe.

Vinundu vidogo vyeupe au vya rangi ya ngozi vilivyotapakaa puani, mashavuni na shingoni baada ya miaka 20, katika familia ambayo mtu amewahi kusinyaa pafu: huo unaweza kuwa ugonjwa wa Birt-Hogg-Dubé, uliopewa majina ya madaktari watatu wa Kanada walioueleza mwaka 1977. Vinundu havina madhara. Figo ndizo zinazoweza kupata saratani, na karibu robo ya wagonjwa husinyaa pafu wakati fulani.

Ugonjwa wa Reed, ambao kwenye karatasi za hospitali utauona kwa herufi HLRCC, ndio unaonisumbua zaidi nikifikiria wanawake wetu. Ngozi huota vinundu vigumu vya kahawia, mara nyingi vimejipanga upande mmoja wa mwili au kwenye mkono, na huuma vikiguswa na baridi. Mwanamke huyo huyo huwa na fibroidi nyingi, kubwa, akiwa bado kwenye miaka ya ishirini au thelathini. Sasa fibroidi kwetu ni za kawaida mno. Kila ploti ina mtu aliyepasuliwa. Ndiyo maana hakuna anayeziunganisha na ngozi. Lakini kama dada yako ana fibroidi na pia anasema vipele vya bega lake huchoma kama sindano asubuhi za Julai, zile za ukungu na koti zito, aseme mambo yote mawili kwa daktari mmoja, siku moja. Takriban 15 kati ya 100 wenye ugonjwa huu hupata saratani ya figo, na ni saratani kali inayosambaa ikiwa bado ndogo.

Vinundu vya tezi za mafuta, vya njano au rangi ya ngozi, hasa vikiota chini ya shingo, vinaweza kuwa ugonjwa wa Muir-Torre: huo hutembea na saratani ya utumbo mpana na ya nyumba ya uzazi. Vipele vigumu usoni pamoja na vingine kama mawe madogo kwenye ufizi na ulimi, kwa mtu mwenye kichwa kikubwa, huelekeza kwa ugonjwa wa Cowden, na hapo hatari ya saratani ni titi, tezi ya thairoidi na nyumba ya uzazi. Vishimo vidogo viganjani na uvimbe wa taya unaorudi hata baada ya kupasuliwa ni Gorlin. Ugonjwa huo huleta saratani nyingi za ngozi kwa watu weupe; kwa mtu mweusi huwa chache, hivyo daktari wa meno ndiye anaweza kuwa wa kwanza kuutambua. Vipele vyekundu puani na mashavuni vya mtoto vinavyotibiwa kama chunusi miaka na miaka, na mtoto huyo ana mabaka meupe na kifafa, ni ishara ya ugonjwa wa tuberous sclerosis (TSC). Vipele vyenyewe havigeuki, ila figo na ubongo vinahitaji picha.

Uko mmoja unaorithiwa tofauti: xeroderma pigmentosum. Huu unahitaji nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo wazazi huwa wazima, na huonekana zaidi panapooana ndugu. Mtoto huungua kwa jua dogo tu, hujaa vidoa usoni kabla ya miaka miwili, na anaweza kupata saratani ya ngozi kabla ya kumi. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta na juu ya mita 1,600. Hata siku ya mawingu jua lipo. Mtoto huyo alindwe na jua tangu siku ya kwanza: nguo ndefu, kofia pana, miwani, mafuta ya kukinga jua, mapazia.

Hatua ya 5: Zijue dalili za kugeuka

Hizi ziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati. Uvimbe unaouma mfululizo, hasa unaomwamsha mtu usiku. Uvimbe uliokuwa laini ukawa mgumu. Uvimbe unaokua ndani ya wiki au miezi michache. Ganzi mpya, udhaifu wa mkono au mguu, kiatu kinachoanza kuchomoka chenyewe mguuni. Kinundu kinachopasuka, kutoa damu au kidonda kisichopona kwa mwezi. Kukojoa damu. Damu kwenye choo. Pumzi kukata ghafla na maumivu upande mmoja wa kifua. Hilo ni la dharura, usingoje asubuhi.

Kaka alikuwa na tatu za kwanza zote.

Nyayo, viganja na kucha nazo zitazamwe, hata kama hakuna ugonjwa wa kurithi. Saratani ya melanoma kwa watu weusi hupenda kujificha hapo. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, yake ilianzia kwenye kidole cha mguu.

Hatua ya 6: Ingia hospitali kwa mlango unaofaa

Anza na kituo cha karibu, zahanati au kituo cha afya cha kaunti, na uombe barua ya rufaa. Hospitali za level 6 kama Kenyatta hupokea wagonjwa wa kliniki za kibingwa kwa barua. Hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya taifa, uko hai kabla ya siku ya miadi. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Uliza dirishani, kabla ya kupima chochote, ni kipi kinalipiwa na kipi utatoa mfukoni, na uandike jina la kifurushi walichokutajia.

Ukifika kwa daktari una dakika chache. Usianze na historia ya maisha. Sema: "Daktari, tuko watu watano katika vizazi vitatu wenye vinundu kama hivi. Huu mmoja umebadilika tangu Machi. Picha hizi hapa." Mpe daftari lenye mchoro wa ukoo. Nimeona daktari aliyekuwa ameshika kalamu ya kuandika dawa ya kupaka akiiweka chini.

Uvimbe wa ndani unaoshukiwa kugeuka huhitaji picha ya MRI, na pengine PET, ambayo huonyesha sehemu ya uvimbe inayokula sukari nyingi. Mashine za PET ziko hapa hapa jijini, Aga Khan na katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa. Uvimbe wa mshipa wa fahamu usikatwe kwenye kliniki ya mtaani, hata wakikuambia ni dakika ishirini. Kisu kikikosea, mguu unapooza. Na ikiwa ni saratani, upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri ya kuitoa yote na ukingo wa nyama safi kuizunguka.

Hatua ya 7: Kinachokatwa kiende maabara

Kabla ya ganzi, uliza: "Nyama hii inapelekwa wapi?" Kama jibu halieleweki, simama uondoke. Ninasema hivyo nikijua ugumu wa kumwambia daktari hapana.

Kipande huwekwa kwenye kichupa chenye formalini, dawa yenye harufu kali ya kuchoma pua, ya kutosha kukifunika vizuri. Soma jina kwenye kibandiko wewe mwenyewe: jina lote, tarehe, na mahali kilipotolewa mwilini. Paja la kushoto liandikwe paja la kushoto. Ukikabidhiwa kukipeleka maabara, kipeleke siku hiyo hiyo, usikiweke kwenye friza, wala usihamishie kwenye chupa ya maji au spiriti. Chukua namba ya maabara. Majibu yakitoka omba nakala ya karatasi, na uulize kama maabara itahifadhi kile kipande cha nta ambacho nyama imegandishwa ndani yake. Kipande hicho kinaweza kukatwa tena na kusomwa na mtaalamu mwingine miaka baadaye. Cha kaka kingetuambia mengi.

Kukata kila kinundu hakuhitajiki. Vile vinavyoumiza, vinavyokwaruzwa na mkanda au sidiria, au vinavyomfanya mtu ajifiche, vinaweza kuondolewa kwa kisu, kwa umeme au kwa leza. Ila usikifunge kwa uzi, usikichome kwa maji ya betri, na usikichanje kwa wembe ukipaka unga wa miti. Hakuna kinachotoka kikaisha hivyo, na kidonda kinaweza kuficha mabadiliko ambayo daktari angeyaona.

Jambo lingine la kumkumbusha daktari ni mionzi. Kwa mwenye Gorlin, tiba ya mionzi huweza kuzalisha saratani mpya palepale ilipopita, na kwa mwenye NF1 nayo huongeza hatari. Wakati mwingine haina mbadala, lakini anayeamua aamue akijua ugonjwa wa ukoo.

Hatua ya 8: Kipimo cha jeni, kikihitajika

NF1 mara nyingi hutambuliwa kwa macho, rula na historia, hivyo usiuze ng'ombe kwa ajili ya kipimo kabla ya kuuliza kitabadilisha nini. Kwa magonjwa yanayofanana usoni, kama Birt-Hogg-Dubé na Cowden, kipimo husaidia sana, maana kinaamua tuchunguze figo au titi.

Apimwe kwanza mtu anayeumwa, si mtoto mwenye afya. Hitilafu ikijulikana, wengine hupimwa hitilafu ile ile moja, kwa bei ndogo, na asiyekuwa nayo hufutwa kwenye orodha ya uchunguzi wa kila mwaka. Huo ni mzigo mzito unaoshuka mabegani mwake. Ujiandae pia kwa jibu la katikati: badiliko limeonekana ila maana yake haijulikani. Watu wenye asili ya Afrika hulipata jibu hilo mara nyingi kuliko Wazungu, kwa sababu jeni zetu zimesomwa kidogo. Jibu hilo lisimpeleke mtu kwenye upasuaji, wala lisimtoe kwenye ufuatiliaji. Mwambie daktari aliangalie upya baada ya mwaka mmoja au miwili.

Hatua ya 9: Weka kalenda ya ukoo

NF1: macho ya mtoto kila mwaka hadi afike takriban miaka 8, presha kila mwaka kwa umri wote, mgongo utazamwe kama unapinda, mwili mzima upapaswe na daktari mara moja kwa mwaka. Mwanamke aanze mamogramu (picha ya titi) ya kila mwaka akiwa na miaka 30. Birt-Hogg-Dubé: MRI ya figo kila mwaka hadi kila miaka mitatu kuanzia miaka 20. Reed: MRI ya figo kila mwaka, na wataalamu wengi huanza mtoto akiwa na miaka 8 hadi 10. Muir-Torre: kolonoskopi (kamera ya kuchungulia utumbo mpana) kila mwaka au miaka miwili kuanzia miaka 20 hadi 25. CYLD: daktari wa ngozi kila mwaka, mapema zaidi kitu kikibadilika.

MRI ni ghali, najua. Kama haiwezekani mwaka huu, ultrasaundi ya figo ni bora kuliko kukaa, ingawa inaweza kukosa uvimbe mdogo. Mwambie daktari wazi kwamba umeichagua kwa sababu ya pesa ili aandike hivyo. Sisi tumegawana: shangazi analipa macho ya mtoto, mimi nalipa titi la mama, na binamu zangu wawili huchanga kwa ajili ya picha za kaka.

Dawa nazo zimeanza kupatikana duniani. Selumetinibu, ya kumeza, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wenye pleksifomu isiyoweza kupasuliwa. Bei yake haishikiki kwa familia ya kawaida, lakini uliza kliniki kama kuna mpango wowote wa msaada, na uulize tena mwaka unaofuata.

Mpwa wangu ana miadi ya macho Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi. Daftari liko kwenye mkoba, na ukurasa wa leo una maswali matatu: kwa nini anainamisha kichwa upande akisoma, lile baka la kiunoni lililoanza kuinuka ni pleksifomu au la, na presha yake itapimwa na nani kama muuguzi atasema mtoto hahitaji kupimwa presha.